Safu ya Maswali: Namna The Walking Dead Ilivyopoteza Watazamaji Wake

Barua zilizotufikia baada ya makala yetu kuhusu tamthilia za kigeni, hasa kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, zimetaja jina moja kuliko mengine yote: The Walking Dead, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha AMC tarehe 31 Oktoba 2010 na kukamilika tarehe 20 Novemba 2022, baada ya misimu 11 na sehemu 177. Kwa asiyeifahamu, ni kisa cha Rick Grimes, naibu wa sherifu katika jimbo la Georgia, anayezinduka hospitalini baada ya kupigwa risasi na kukuta wafu wameinuka na wanawala walio hai. Safu ya toleo hili tumeitenga kwa maswali hayo. Anayepanga kuitazama baadaye na ajue mapema kwamba majibu yanawataja waliokufa na kueleza jinsi hadithi ilivyoisha.

Kwako Mhariri,
Nina duka la muvi karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru. Kuna miaka ambapo wateja walikuwa wakiniletea flashi zao kila Jumatatu jioni wakitaka sehemu mpya ya The Walking Dead, na nisipokuwa nayo walikasirika kana kwamba nimewanyima haki yao. Kisha, kati ya mwaka wa 2016 na 2018, wakapungua mmoja mmoja, na kila niliyemuuliza alinijibu kwamba aliiacha. Je, huko Marekani hali ilikuwa hiyo hiyo, au ni sisi tuliochoka?
Mwenye duka, Nakuru

Ndugu yangu, uliyoyaona dukani mwako ndiyo yaliyoonekana Marekani, tena karibu katika miezi ile ile. Sehemu iliyofungua msimu wa tano, Oktoba 2014, ilitazamwa na watu wapatao milioni 17.3 usiku wake wa kwanza, na hicho ndicho kilikuwa kilele cha tamthilia hii. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Oktoba 2016, msimu wa saba ulifunguliwa mbele ya watu milioni 17, nusura ufikie kilele hicho. Juma lililofuata walibaki kama milioni 12 na nusu. Msimu wa nane ulipofungwa Aprili 2018 walikuwa wamebaki karibu milioni 8, msimu wa kumi ukafunguliwa mwaka wa 2019 na watu milioni 4, na sehemu ya mwisho kabisa ikatazamwa na watu milioni 2.27.

Ni haki kueleza pia jinsi hesabu hizi zinavyofanywa. Takwimu za namna hii huwahesabu wanaotazama kwenye runinga usiku ule ule, na katika miaka hiyo Wamarekani wengi walikuwa wakihamia kwenye huduma za intaneti, ambako mtu hutazama anapotaka. AMC wenyewe walianzisha huduma yao ya AMC+ mwaka wa 2020, na katika msimu wa 11 waliolipia huduma hiyo walikuwa wakipata sehemu nyingi juma moja kabla ya wengine. Kwa hiyo si kila aliyekosekana kwenye hesabu alikuwa ameiacha hadithi. Hata hivyo, mabadiliko ya mazoea hupunguza watu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na hayawezi kuwaondoa zaidi ya watu milioni nne kwa juma moja. Wale waliondoka kwa hasira, na barua inayofuata inatoka kwa mmoja wao.

Mhariri mpendwa,
Mimi ni muuguzi, kwa hiyo damu hainitishi. Tulikuwa tukiitazama tamthilia hii na dada zangu wawili nyumbani Kondele, na usiku tulioona Glenn, mmoja wa wahusika wa tangu msimu wa kwanza, akiuawa tulizima runinga na hatukurudi tena. Kila mtu husema kwamba ukatili ulizidi. Mimi nahisi sababu yangu ilikuwa nyingine, ila nimeshindwa kuieleza. Nisaidie.
Msomaji, Kondele, Kisumu

Dada, nakubaliana nawe kabisa kwamba ukatili peke yake hautoshi kuwa maelezo. Tamthilia hii ilikuwa katili tangu siku ya kwanza, na watu waliipenda hivyo hivyo. Ili kuona kilichobadilika, inafaa tuvitazame vifo viwili kwa karibu, kimoja cha mwanzoni na kimoja cha katikati.

Kumbuka msimu wa pili, kwenye shamba la mzee Hershel, ambako Rick na wenzake wamepata hifadhi. Sehemu sita nzima kundi linamtafuta msichana mdogo anayeitwa Sophia, aliyepotelea msituni. Wanagawana maeneo, wanamfariji mama yake Carol, na mwindaji wao, Daryl, anaumia vibaya akimtafuta. Katika sehemu ya saba, iliyoonyeshwa Novemba 2011, Shane, rafiki wa zamani wa Rick, anavunja kufuli la ghala ambamo Hershel amewafungia jamaa na majirani waliogeuka, kwa kuwa anaamini ni wagonjwa watakaopona siku moja. Wafu wanatoka mmoja mmoja na kupigwa risasi mpaka nyasi zinajaa miili. Risasi zinanyamaza. Kisha mlangoni inasikika sauti ndogo, na anatoka Sophia mwenyewe, shingo imeumwa, macho yameisha uhai. Wanaume wote waliokuwa wakipiga risasi dakika moja iliyopita wanashindwa kuinua bunduki. Carol anakimbia mbele na Daryl anamshika. Ni Rick, aliyekuwa ameapa kumrudisha, anayepita katikati yao na kufanya linalopaswa kufanywa. Hakuna hila yoyote pale. Mwandishi alikuwa na jibu, alilificha mahali ambapo tungeweza kulifikiria lakini hatukutaka, na alipolitoa alilitoa lote, usiku ule ule, mbele ya wote waliohusika.

Sasa linganisha na yaliyompata Glenn. Oktoba 2015, katika sehemu ya tatu ya msimu wa sita, Glenn na mwenzake Nicholas wanazingirwa juu ya pipa kubwa la chuma la kutupia taka. Nicholas anajipiga risasi, wote wawili wanaanguka katikati ya wafu, na kamera inakaa kwenye uso wa Glenn huku matumbo yakiraruliwa mbele ya kifua chake. Mtazamaji anaonyeshwa mtu akifa. Kisha jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, likaondolewa kwenye orodha inayofungua kipindi, na kwa majuma kadhaa hadithi ikaenda kwingine bila kumtaja. Ilipofika sehemu ya saba tukaambiwa kwamba matumbo yale yalikuwa ya Nicholas, naye Glenn alikuwa amejikokota chini ya pipa na kukaa humo salama. Kuliondoa jina lake ndiko kunakoniudhi zaidi hadi leo, kwa sababu orodha ya waigizaji haimo ndani ya hadithi. Ni kauli ya watengenezaji wenyewe kwa mtazamaji, nao waliitumia kusema uongo.

Miezi michache baadaye, tarehe 3 Aprili 2016, msimu wa sita ukafungwa kwa watu 11 waliopigishwa magoti msituni mbele ya adui mpya, Negan, aliyeigizwa na Jeffrey Dean Morgan, mwenye rungu lililozungushiwa seng'enge. Anachagua mmoja wao. Kamera inageuka na kuwa macho ya anayepigwa, damu inashuka kwenye kioo, na kipindi kinakatika. Aliyepigwa hakutajwa. Ilibidi watu wangoje zaidi ya miezi sita, hadi tarehe 23 Oktoba, ili waonyeshwe kwamba alikuwa Abraham, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa katika kundi la Rick, na baada yake, kwa dakika chache, Glenn yule yule waliyekwisha kumlilia mwaka uliotangulia.

Wapo wanaosema kwamba kosa lilikuwa kumuua Glenn. Mimi siamini hivyo, na ushahidi ninao. Hadithi za picha za Robert Kirkman, zilizozaa tamthilia hii na ambazo zilianza kuchapishwa mwaka wa 2003, zilimuua Glenn kwa rungu hilo hilo katika toleo la 100, mwaka wa 2012, na wasomaji wakaendelea kununua. Tofauti ni kwamba msomaji wa toleo la 100 alijua kabla ya kulifunga ni nani aliyekufa, akapata nafasi ya kuomboleza. Fanani wa kwetu aliyekuwa akisimulia jioni, hata kama kisa kilihitaji usiku wa pili, hakukatiza pale ambapo zimwi limeinua panga na kuwaambia watoto warudi baada ya mavuno. Taharuki ni deni la msimulizi kwa hadhira, na deni linalocheleweshwa kwa makusudi ili watu wazungumze juu yake miezi sita humfanya hadhira ajione ametumiwa.

Kwa hiyo, dada, nadhani usiku ule mlipozima runinga mlikuwa mmemlilia Glenn mara tatu: mara ya kwanza kwa uongo, mara ya pili kwa kukisia, na mara ya tatu kwa kweli. Hakukuwa na chozi lililobaki. Mlichokikosa baada ya hapo hakikuwa kikubwa sana, kwani sehemu nyingi zilizofuata za msimu wa saba zilikuwa za Rick kudhalilishwa, huku wahusika wakitawanywa kila kundi mahali pake na hadithi ikitambaa.

Kwako Mhariri,
Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Lanet. Kaka yangu ana baadhi ya vitabu vya picha vya The Walking Dead kwenye simu yake, na ndani yake Carl, mtoto wa Rick, anakua hadi kuwa mtu mzima. Kwenye runinga alikufa akiwa kijana. Kwa nini walimuua, na vitabu viliishaje?
Mwanafunzi, Lanet

Mwanangu, umegusa uamuzi ambao, kwa maoni yangu, uliiumiza tamthilia kuliko kifo cha Glenn, ingawa haukupigiwa kelele nyingi hivyo. Carl, aliyeigizwa na Chandler Riggs tangu akiwa mtoto, alionyesha jeraha la kuumwa na mfu katika sehemu iliyofunga nusu ya kwanza ya msimu wa nane, Desemba 2017, akafa Februari 2018. Ndani ya hadithi sababu iliyotolewa ni kwamba kifo chake kilikusudiwa kumfanya baba yake amhurumie Negan na kuacha vita. Kama njia ya kumfikisha Rick kwenye msamaha, inaeleweka. Lakini kila alichokifanya Rick tangu siku alipotoka hospitalini kilikuwa kwa ajili ya huyo mtoto. Alisafiri hadi Atlanta akimtafuta, akaua ili amlinde, akajenga mji ili apate mahali pa kukulia. Ukimwondoa Carl, swali la iwapo kizazi kijacho kitaweza kuishi katika ulimwengu ule linabaki bila mtu wa kulijibu.

Vitabu vililijibu. Toleo la 192 lilimuua Rick, na toleo la 193, lililotoka Julai 2019, likaruka miaka mingi mbele na kumwonyesha Carl akiwa mtu mzima mwenye mke na binti, katika nchi ambayo watoto wanakua bila kuwaona wafu barabarani. Kirkman hakuwa amemtangazia msomaji yeyote kwamba hilo ndilo toleo la mwisho. Hata majalada ya matoleo yaliyodhaniwa kufuata yalikuwa yametengenezwa na kutangazwa kwa wauzaji, ili mwisho usijulikane mapema. Umwombe kaka yako akuonyeshe toleo hilo ukimaliza mitihani.

Mhariri,
Nimesoma mahali kwamba mtu aliyeianzisha tamthilia hii alifutwa kazi na baadaye akalipwa mamilioni ya dola. Je, kubadilishwa kwa wakuu ndiko kulikoiharibu?
Msomaji, Kakamega

Aliyeileta kwenye runinga ni Frank Darabont, mwongozaji aliyejulikana kwa filamu ya The Shawshank Redemption ya mwaka wa 1994. Alisimamia msimu wa kwanza wenye sehemu sita tu, na akafutwa Julai 2011 wakati msimu wa pili ukiwa bado unatengenezwa. Mwaka wa 2013, yeye na kampuni ya mawakala wake walikwenda mahakamani wakidai kwamba AMC, kwa kuwa ilikuwa mtengenezaji na wakati huo huo mnunuzi wa kipindi chake yenyewe, ilijiuzia kwa bei ya chini na hivyo kupunguza faida waliyostahili kugawana. Kesi ilidumu hadi Julai 2021, na AMC ikakubali kulipa dola milioni 200.

Baada yake alikuja Glen Mazzara hadi mwisho wa msimu wa tatu, kisha Scott Gimple kuanzia wa nne hadi wa nane, kisha Angela Kang hadi mwisho. Ukilinganisha orodha hiyo na hesabu nilizompa ndugu wa Nakuru, utaona kwamba kubadilishwa kwa wakuu hakuelezi anguko. Watazamaji waliongezeka chini ya Mazzara, wakaongezeka zaidi chini ya Gimple, na ni chini ya Gimple huyo huyo walipoanza kuondoka.

Ningependa niseme neno kuhusu Angela Kang, kwa sababu ametendewa bila haki. Alipokea nyumba ambayo tayari ilikuwa ikivuja. Andrew Lincoln, aliyemwigiza Rick, aliondoka katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza wa Kang, yaani wa tisa, Novemba 2018, kwa kuwa alitaka kukaa na familia yake Uingereza. Kang akairusha hadithi miaka sita mbele, akamlea binti mdogo wa Rick, Judith, kuwa mhusika kamili, na akawaleta maadui wanaovaa ngozi za wafu na kutembea katikati ya makundi yao wakinong'onezana. Kiongozi wao, Alpha, aliigizwa na Samantha Morton kwa utulivu unaotisha kuliko kelele zote za Negan. Katika sehemu ya 15 ya msimu wa tisa, iliyoonyeshwa Machi 2019, vichwa kumi vya watu tuliowajua vinapatikana vimechomekwa kwenye miti mlimani. Tunaviona kimoja baada ya kingine, na mwishoni tunasikia ikisimuliwa jinsi waliouawa walivyopigana kulindana. Hiyo ilikuwa kazi ya kiwango cha miaka ya mwanzo. Bahati mbaya, wengi waliopaswa kuiona walikuwa wameshaondoka, na mtu aliyeondoka kwa kuudhiwa hasikii habari ya kwamba mambo yamekuwa mazuri.

Mhariri,
Je, ni kweli kwamba mwigizaji wa Michonne ni Mwafrika?
Msomaji, Bungoma

Danai Gurira, aliyemwigiza Michonne, mpiganaji wa upanga na mpenzi wa Rick, alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka wa 1978, kwa wazazi kutoka Zimbabwe, na akakulia Harare. Yeye pia ni mwandishi wa tamthilia za jukwaani. Ile inayohusu wanawake katika vita vya Liberia, Eclipsed, ilifika Broadway mwaka wa 2016 ikiwa na Lupita Nyong'o katika nafasi kuu, jambo ambalo wasomaji wetu wa Kisumu watalifurahia. Gurira aliondoka The Walking Dead Machi 2020.

Kwako Mhariri,
Nilistaafu ualimu, na wajukuu ndio walionifundisha kutazama kipindi hiki. Nilivumilia hadi mwisho nikitarajia nielezwe ugonjwa ulitoka wapi na kama una dawa. Sikuelezwa. Je, huo si udhaifu wa hadithi?
Mwalimu mstaafu, Vihiga

Mwalimu, shikamoo. Ulichokitarajia ni haki yako kama msomaji wa hadithi, lakini Kirkman alikataa tangu mwanzo kuujenga ulimwengu wake juu ya chanzo cha ugonjwa. Alitaka kuonyesha watu wanavyoishi baada ya kila kitu kuanguka. Kidokezo kikubwa tulichopewa kilitoka mwishoni mwa msimu wa kwanza, katika kituo cha kudhibiti magonjwa kule Atlanta, ambapo Daktari Jenner anamnong'oneza Rick jambo ambalo sisi tunalijua tu msimu wa pili ukiisha: kila mtu tayari ana maambukizi, na yeyote atakayekufa, hata kwa ajali, atainuka. Baadaye Eugene akaja akidai kuwa mwanasayansi mwenye siri ya dawa, akawafanya watu wafe wakimsindikiza kuelekea Washington, na katika msimu wa tano akakiri kwamba alidanganya ili alindwe. Kwa kukiri huko waandishi walikuwa wanatuambia tusingojee dawa. Tamthilia nyingine iliyochipuka kutoka hii, World Beyond, ilipofungwa mwaka wa 2021 ilidokeza kwamba huenda mambo yalianzia Ufaransa, lakini hilo lilikuja nje ya hadithi kuu na kwa kuchelewa.

Kukataa huko hakukuwa udhaifu katika misimu ya kwanza. Kulikuwa nguvu, kwa sababu kulimweka mtazamaji mahali pale pale walipo wahusika, bila kujua. Udhaifu uliingia kadiri miaka ilivyopita. Hadithi isiyo na dawa ya kutafutwa inahitaji kitu kingine cha kuisukuma mbele, na kitu hicho kikawa adui mpya. Kundi linapata makao, linaanza kulima, anakuja mtu mwenye jeshi, makao yanaungua, safari inaanza upya. Ilikuwa hivyo kwa adui aliyeitwa Gavana na gereza walimokuwa wakiishi, ikawa hivyo kwa Negan na mji wao wa Alexandria, ikawa hivyo tena kwa Alpha. Wewe uliyefundisha fasihi utaniambia kwamba msuko unaojirudia si kosa, na ngano zetu nyingi husimama juu ya marudio. Ila ngano husimuliwa jioni moja. Miaka 12 ni mingi mno kwa marudio ya namna hiyo, hasa pale ambapo msimu mmoja una sehemu 16 na hadithi yenyewe ingetosha sehemu 8 au 10.

Mhariri mpendwa,
Nilitazama sehemu ya mwisho nikiwa peke yangu nyumbani Kisumu, na nilipomaliza nilihisi kama sijamaliza. Je, kweli iliisha?
Msomaji, Kisumu

Iliisha, lakini wenyewe walijizuia wasiiache iishe. Tarehe 9 Septemba 2020 AMC walitangaza kwamba msimu wa 11, wenye sehemu 24, ndio utakaokuwa wa mwisho. Katika tangazo hilo hilo walisema kwamba Daryl na Carol watapata tamthilia yao baadaye. Machi 2022, msimu huo ukiwa bado unaonyeshwa, wakatangaza nyingine ya Maggie, mjane wa Glenn, na Negan. Kwa maneno mengine, kabla hujaona vita vya mwisho dhidi ya utawala wa Pamela Milton katika mji wa Commonwealth, ulikuwa umekwisha kujulishwa kwamba Daryl, Maggie na Negan watatoka wakiwa hai. Mwandishi hawezi kujenga hofu juu ya mtu ambaye tangazo la biashara limekwisha kumhakikishia maisha.

Ndiyo maana kifo kilichobaki na uzito katika sehemu ile ya mwisho ni cha Rosita, mmoja wa wapiganaji wa kundi. Hakuwa na tamthilia yake iliyokuwa ikimngoja, kwa hiyo alipoficha jeraha la kuumwa hadi mwanawe awe salama, kisha akalala kitandani kando ya mtoto huku Eugene amekaa karibu naye, tuliamini. Mazungumzo ya Maggie na Negan nayo nayahesabu kuwa mazuri: Maggie anamwambia muuaji wa mumewe kwamba hataki kumchukia maisha yake yote, na kwamba hata hivyo hawezi kumsamehe. Waandishi walimwachia msimamo huo bila kuulainisha, na nawashukuru kwa hilo.

Hisia uliyobaki nayo ya kutomaliza ilitoka kwenye dakika za mwisho, zilizowaonyesha Rick na Michonne, kila mmoja peke yake na mbali na mwenzake, bila kueleza chochote. Hapo historia yake ni ndefu. Usiku ule ule wa Novemba 2018 Rick alipoondoka, mara baada ya kuagwa kama mtu anayeaga kabisa, ilitangazwa kwamba hadithi yake itaendelezwa kwa filamu tatu. Filamu hizo hazikutengenezwa. Badala yake ikaja The Ones Who Live, yenye sehemu sita, mwaka wa 2024. Kwa hiyo mtazamaji wa 2022 aliachwa na pengo ambalo lilizibwa miezi 15 baadaye, mahali pengine, na kwa jina jingine. Kirkman aliwaficha wasomaji wake kwamba hadithi inaisha, akawapa mwisho kamili. AMC waliwatangazia watazamaji mwisho miaka miwili kabla, na wakabaki na sehemu yake mkononi.

Kwako Mhariri,
Sijawahi kuiona hata sehemu moja, ila mume wangu na mimi tuna likizo ndefu Desemba na tungependa kujaribu. Je, inafaa, na tuanzie wapi?
Msomaji, Kitale

Inafaa, Mama, na mtaitazama vizuri kuliko sisi tulioitazama juma kwa juma. Anzeni mwanzo kabisa na msiruke chochote hadi mwisho wa msimu wa tano. Katika sehemu ya kwanza kuna mwanamke aliyebaki nusu ya mwili, anayejikokota kwenye nyasi za bustani. Rick anamkimbia, kisha baadaye anarudi kwa hiari yake, anapiga magoti, anamwomba radhi na kumpumzisha. Kama tukio hilo halitawagusa, acheni hapo, kwani huruma hiyo ndiyo roho ya tamthilia nzima.

Mkifika mwishoni mwa msimu wa sita, hakikisheni mna muda wa sehemu mbili mfululizo, ile ya kufunga msimu huo na ile ya kufungua wa saba. Mkizitazama kwa kukaa mara moja, ile miezi sita iliyowafukuza watu haitakuwapo, na mtakachokiona ni kisa kizito na kikatili lakini kilicho kamili. Msiitazame wakiwapo watoto. Sehemu zilizobaki za msimu wa saba na vita vya msimu wa nane vinaweza kupitiwa haraka, ila kaeni na zile za Carl. Msimu wa tisa utazameni wote kwa makini. Wa kumi una sehemu 22 kwa sababu ya janga la korona. Mwisho wake, uliokuwa uonyeshwe Aprili 2020, ulisogezwa hadi Oktoba, na mwaka uliofuata zikaongezwa sehemu sita zilizotengenezwa kwa waigizaji wachache chini ya masharti ya afya. Kati ya hizo sita, iliyo ya lazima ni ile ya mwisho, inayosimulia maisha ya Negan na mkewe Lucille kabla ya yote.

Msimu wa 11 ukiisha, endeleeni moja kwa moja na The Ones Who Live siku ile ile mkiweza, maana ni sehemu sita tu na ndiyo inayofunga habari za Rick na Michonne. Zile nyingine, ya Maggie na Negan huko New York iliyoanza Juni 2023 na ya Daryl huko Ufaransa iliyoanza Septemba mwaka huo, zinaweza kungoja likizo nyingine.